Foliki kwanza, kijiti baadaye

Wengi hufanya kinyume. Kijiti cha uzazi wa mpango kinatolewa leo, mimba inasubiriwa, halafu vidonge vya vitamini ya foliki asidi vinatolewa siku ya kwanza ya kliniki, ujauzito ukiwa na miezi mitatu au minne. Hapo imeshachelewa. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, mama mwenyewe ndiyo kwanza anajiuliza mbona hedhi haijaja. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Meza mikrogramu 400 kila siku kuanzia miezi mitatu kabla ya mimba, au angalau mwezi mmoja, hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Soma pakiti: vidonge vingi vya dukani ni vya miligramu 5, zaidi ya mara kumi. Hivyo ni vya aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi, mwenye kisukari au seli mundu, na anayetumia dawa za kifafa. Daktari ndiye wa kuviandika. Anayetumia valproate, mojawapo ya dawa hizo za kifafa, asiache dawa ghafla, wala asitoe kinga ya mimba kabla ya kubadilishiwa, kwani dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Dawa za presha kama enalapril na losartan nazo hubadilishwa.

Kitanzi, kijiti na vidonge vikiachwa, uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja au ndani ya wiki chache. Unaweza hata kushika kabla ya kuona hedhi, maana yai hupevuka kwanza, damu hufuata. Sindano ya miezi mitatu ndiyo yenye mambo yake. Dawa hunyonywa polepole kutoka kwenye msuli, kwa hiyo mimba huja kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine hufika mwaka na nusu. Mwenye kupanga mtoto mwakani ahamie kondomu au vidonge mapema.

Na hapo ndipo wauzaji wa dawa za kusafisha kizazi wanapopatia wateja. Hakuna uchafu wa kusafisha. Aliyekunywa mizizi mwezi wa nane tangu sindano ya mwisho akashika mimba mwezi wa kumi ataisifu mizizi, kumbe sindano ilikuwa inaisha yenyewe. Dawa za kuweka ukeni ndizo mbaya zaidi: huua bakteria walinzi na kuacha michubuko.

Fedha hiyo ilipie vipimo: wingi na kundi la damu, VVU, kaswende, homa ya ini B, sukari na presha. Seli mundu mpime wote wawili. Chanjo ya rubela ikihitajika, subiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Damu ikiwa chini ya gramu 12, utapewa vidonge vya chuma. Usivimeze na chai, huzuia chuma kunyonywa. Acha saa moja au mbili. Udongo na pemba nazo acha.

Kutafuta siku ya yai kupevuka, chukua urefu wa mzunguko utoe 14. Mzunguko wa siku 28, yai hupevuka karibu na siku ya 14. Wa 35, siku ya 21. Mbegu huishi hadi siku tano, yai halimalizi zaidi ya siku moja, hivyo kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi sita kwa aliyefika miaka 35, nendeni hospitali pamoja. Aliyetumia sindano aanze kuhesabu pale dawa ilipokwisha. Mume naye apimwe mbegu tangu mwanzo, akiwa amekaa siku mbili hadi saba bila kumwaga. Kipimo hicho ni rahisi kuliko vingi anavyopitishwa mke.