Ukungu kwenye vitabu vya mwami

Ndugu, umeuliza kama vitabu vya mwami, yaani mtawala wa jadi, ulivyokabidhiwa hapa Bukavu, vilivyoota ukungu, uvianike juani. Hapana. Jua hupindisha jalada, hupausha wino na kukausha gundi ya mgongo mpaka kurasa zinachomoka.

Tenga vyenye ukungu kwenye chumba kinachopitisha hewa, uvisimamishe vikiwa vimefunguka kidogo. Ukungu mbichi usiuguse: ukisuguliwa unazama ndani ya karatasi. Ukishakauka kama vumbi, vaa barakoa, toka nje kivulini, fagia kwa brashi laini kuanzia mgongoni kwenda ukingoni. Javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, usiikaribishe kabisa, inakula karatasi.

Lakini kufagia ni nusu ya kazi. Tafuta kipima unyevu: kikikaa juu ya asilimia 65, ukungu utarudi tu, na mvua zetu za Septemba hadi Mei hazina huruma. Sogeza rafu sentimita 10 kutoka ukutani, ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu.

Kurasa zilizochanika usizibandike skochi, ule utepe wa gundi. Gundi yake huacha doa la njano. Na kila anayeazima asaini daftari, hata akiwa mtoto wa mwami.