Mahari yako angepokea nani?

*Shangazi, nina miaka 26, naishi Morogoro. Nampenda mdogo wake baba, ana miaka 31. Wamechangia baba, mama mbalimbali. Yeye kakulia Mwanza. Tulifahamiana msibani mwaka jana, na kanivalisha pete kwa siri. Watoto hatutaki, sasa hayo magonjwa ya kurithi yanatuhusu nini? Mbona rafiki yangu wa Tanga kaolewa na mtoto wa ami yake?*

Mwanangu, nianze na rafiki yako, maana ndiye rahisi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimtaji binamu, na Uislamu unamruhusu. (Wenzetu Kenya, kwa sheria yao ya 2014, wamemkataza, isipokuwa kwa Waislamu.) Baba mdogo katajwa, na mjomba, hata mimi shangazi nimo. Kuchangia mzazi mmoja hakupunguzi kitu. Mkioana, ndoa ni batili tangu siku ya kwanza.

Hoja yako ya watoto ina nguvu, sikufichi. Ingekuwa ni ugonjwa tu, serikali ingeanza na wawili waliobeba kinasaba cha selimundu bila wao kuugua, ambao kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Hao wanaoana bila kuulizwa.

Basi fikiria siku ya posa. Baba mdogo hukaa upande wenu, anapokea mahari. Yako angepokea nani, naye ndiye mtoaji? Akikukosea, utamshtaki kwa babu yako, ambaye ni baba yake? Baba yako amwite mkwe au mdogo wangu? Augustino wa Hippo, askofu wa Kanisa la kale, aliliona hili yapata miaka 1,600 iliyopita: mtu mmoja asibebe undugu wa namna mbili, ndoa ituletee ndugu wapya.

Tena, wangapi tumesoma kwa kulala kwa baba mdogo? Binti anapokelewa kule na mkoba wake wa shule kwa sababu kila mtu anajua huyu hatakuwa mume, si leo wala akishatimiza umri. Nyie hamkukulia nyumba moja, sawa. Lakini sheria haiwezi kupita mlango kwa mlango ikiuliza nani kalelewa wapi.

Mwambie ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Misibani na harusini mtaendelea kukutana. Pete mrudishie kabla baba yako hajaiona.