Usimwulize mzee mwaka

Mahojiano yangu ya kwanza na mpiga gitaa mkongwe, hapa Tororo, Uganda, niliyaharibu kwa swali moja: "Mzee wangu, wimbo huu mliurekodi mwaka gani?" Alinyamaza kidogo, akasema 1968. Nikaandika 1968. Makala ilikuwa imeshatoka bintiye aliponionyesha santuri yenyewe na kuniambia, "Kaka, baba alikwenda Nairobi kurekodi huu mimi nikiwa tumboni mwa mama. Nimezaliwa 1973." Niliumia sana, maana watu walikuwa wameshaunakili mwaka ule wa uongo, na mpaka leo naukuta huku na huku.

Tangu siku hiyo mwaka siuulizi. Nauliza alikuwa ameshaoa? Mtoto yupi alikuwa mgongoni? Wahindi walikuwa bado na maduka mjini, au Amin alikuwa ameshawafukuza? Hilo la mwisho halimpotezi mtu: amri ilitoka Agosti 1972, wakapewa siku 90. Pesa nayo husaidia. Akikumbuka malipo yake, ulizia noti zilikuwa zipi, kwa sababu shilingi ya Uganda iliingia 1966 badala ya ile ya Afrika Mashariki, na 1987 ikakatwa sifuri mbili.

Kisha omba uione santuri. Wanamuziki wetu wengi wa miaka ya 1960 walirekodi Nairobi, kwa hiyo usishangae lebo ikitaja mji wa Kenya. Soma pande zote mbili: namba, mtunzi, bendi. Halafu iinamishe kwenye mwanga utafute namba zilizochongwa pale mifereji inapoishia, karibu na lebo. Kwa kawaida kampuni ilizitoa kwa kufuatana, hivyo ukiwa na santuri mbili za kampuni hiyo ambazo tarehe zake unazijua, iliyo katikati yake unaweza kuikadiria. Kadiria tu, santuri nyingine zilitolewa upya baadaye. Matangazo ya dansi kwenye magazeti ya zamani, kama Uganda Argus, yatakusaidia kuhakikisha.

Jina la mtunzi lililo kwenye lebo usilimeze zima. Mara nyingi nimeambiwa kwamba kiongozi wa bendi ndiye aliyeandikwa, wakati wimbo ulitoka kwa kijana wa gitaa la ridhimu. Familia zinagombana hadi leo kwa jambo hilo. Mimi huandika madai yote mawili na nani kayasema.

Ugumu mkubwa uko kwenye maneno. Chukua kadongo kamu, gitaa moja na mtu mmoja anayesimulia, muziki wa Kiganda wa kina Christopher Ssebadduka, Herman Basudde na Paulo Kafeero. Mimi Kiganda nilijifunzia sokoni. Kuna wimbo mmoja niliouandikia kuwa ni malalamiko ya mke aliyetelekezwa. Bibi mmoja aliyeucheza ujanani alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyo mume ni serikali." Sikumwamini hadi nilipowauliza wazee wengine wawili, kila mmoja peke yake, wakasema hivyo hivyo. Kamusi isingenipa maana ile, wala kijana wa leo anayezungumza Kiganda tangu utotoni. Tafuta aliyeusikia wimbo ulipokuwa mpya.

Kuna hazina Chuo Kikuu cha Makerere: nakala za sauti alizorekodi Klaus Wachsmann alipokuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Lakini hizo hasa ni ngoma za asili. Muziki wa dansi uko majumbani, chini ya vitanda, na watu wameumizwa. Familia nyingi zimenieleza habari ya mtangazaji au mwanafunzi aliyeazima santuri asirudi tena. Kwa hiyo usiondoke na kitu. Nenda na simu, kifaa cha kunakilia santuri na subira.

Santuri ya yule mzee bado iko kwa bintiye, ndani ya sanduku la bati. Niliinakili pale pale sebuleni kwake, na kabla sijaaga nilimwachia wimbo wa baba yake kwenye flashi.