Multimita inapokea amri lakini haijibu: tazama pini 6

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nafundisha elektroniki katika chuo cha ufundi, na maabara yetu imepata multimita ya mezani HP 34401A iliyokwishatumika. Nataka ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) isome volti za betri ya 12 V kutoka kwenye mita hiyo usiku kucha, kupitia RS-232, yaani mlango wa mawasiliano wa nyuma ya mita. Katikati nimeweka moduli ya MAX3232, inayogeuza volti za ESP32 ziwe za RS-232 na kinyume chake; kasi ni biti 9600 kwa sekunde. Nikituma SYST:REM, amri ya kuiweka mita chini ya udhibiti wa mbali, alama ya Rmt inawaka kwenye kioo. Nikiuliza *IDN?, yaani mita ijitambulishe, sipati hata herufi moja. Pini 4 na 6 za plagi nimeziunga pamoja, kama nilivyozoea kwenye vifaa vingine. Kosa liko wapi?

Jibu: Nzuri, mwalimu. Alama hiyo ya Rmt imetupunguzia kazi kubwa. Maana yake amri zako zinafika na zinaeleweka, kwa hiyo waya wa kwenda uko sawa na mpangilio wa biti pia uko sawa. Mita hii hutoka kiwandani ikiwa na biti 7 za data, pariti shufwa (biti ya kukagua makosa) na biti 2 za kukomesha. Kwenye ESP32 mpangilio huo ni SERIAL_7E2, na naamini ndio uliotumia.

Shida ni hicho kiungo cha pini 4 na 6. Kwa vifaa vingi hakina madhara, lakini kwa 34401A ndicho kinachoifunga mdomo.

Pini 6, yaani DSR, ni mlango wa kuingilia. Kabla ya kutuma kila herufi, mita huitazama pini hiyo: ikiwa na volti chanya hutuma, ikiwa na volti hasi husubiri. Pini 4, yaani DTR, ni ya kutokea. Kwa pini hiyo mita humwambia wa upande wa pili aache kutuma. Sasa, ikishachakata swali na kuwa na jibu tayari, mita huishusha DTR iwe hasi, ili usiiletee amri nyingine kabla hujasoma jibu. Kwa kuwa umeziunga, DSR nayo inashuka papo hapo. Mita inajizuia yenyewe, na haitatoka hapo mpaka uizime au uitumie herufi ya ETX, namba 3, inayofuta kazi iliyokwama.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua multimita nyingine ndogo, pima pini 6 dhidi ya pini 5. Mita ikiwa imetulia utaona volti chanya. Tuma *IDN? na uangalie: itageuka hasi na kubaki hivyo.

Dawa ni kukata kiungo hicho na kuipa pini 6 volti chanya ya kudumu. MAX3232 ina vitumaji viwili na wewe unatumia kimoja. Unganisha mguu wa 10 wa chipu na graundi. Kwa kuwa chipu hugeuza ishara, mguu wa 7 utatoa volti chanya. Upeleke kwenye pini 6 ya mita. Kama moduli yako haijatoa nje miguu hiyo, itabidi uchomee waya mwembamba kwenye chipu yenyewe. Usichukue njia ya mkato ya kuleta 3.3 V ya ESP32 moja kwa moja: kiwango cha RS-232 huanzia 3 V, na hapo hakuna nafasi ya kupumulia.

Pini 4 iache wazi. Ukifanya hivyo, mwongozo wa mita unashauri kasi ishuke hadi 1200 au chini yake, kwa sababu mita haitakuwa na njia ya kukusimamisha. Usihofu: jibu la kipimo kimoja lina herufi kama 17, na kwa kasi ya 1200 huchukua takriban sekunde 0.16. Kwa betri inatosha kabisa.

Kwenye programu, usitume MEAS:VOLT:DC? kila mara, maana hupanga mita upya kila inapoitwa. Tuma CONF:VOLT:DC 100 mara moja, kisha READ? kwa kila kipimo. Nimesema 100, yaani rengi (upeo wa kupimia) ya 100 V, kwa sababu rengi ya 10 V huishia 12 V, na betri inayochajiwa hupita hapo. Kila amri imalizie kwa LF, yaani herufi ya mstari mpya. Jibu litarudi na CR (herufi ya kurudi mwanzo wa mstari) na LF. Muda wa kusubiri jibu uongeze hadi sekunde 3, kwani ile sekunde 1 ya kawaida ya Arduino ni finyu.

Jambo moja la usalama, hasa kwa kuwa wanafunzi watashika. Graundi ya RS-232 kwenye mita hii imeungana na bodi ya chuma na ethi ya umeme, ingawa milango ya kupimia inaelea. Kwa hiyo ESP32 yako nayo inakuwa kwenye ethi. Ipe umeme kutoka chaja yake yenyewe, si kutoka kwenye saketi inayopimwa. Asubuhi, kazi ikiisha, tuma SYST:LOC ili vitufe vya mbele vifanye kazi tena.