Fuinneog ni ya nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: lugha ikiazima neno, neno linabaki la nani? Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja. La aliyelitunga. Dirisha letu ni dariche la Waajemi, mlango mdogo, tuseme asante yaishe. Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Ila mimi ni seremala, nafanya kazi Dublin, na siku moja tulikuwa kwa bibi mmoja mzaliwa wa Connemara, magharibi mwa Ireland. Dirisha lake ni la zile za kizamani: kioo hupanda na kushuka kwa kamba, na vyuma vya uzito vimefichwa ndani ya fremu. Rangi ya miaka nenda rudi ilikuwa imeligandisha. Mwenzangu, Mnorwe wa pwani ya magharibi, akapitisha kisu kwenye mwanya taratibu, juu, pembeni, juu tena. Mara kamba iliyooza ikakatika, chuma kikaporomoka ndani ya ukuta, gubu! Bibi akatoka jikoni mbio: "Fuinneog yangu!" Yaani, dirisha langu.

Mnorwe akaacha kisu. Kwao, akasema, ni vindauge: vind upepo, auge jicho. Jicho la upepo. Bibi akang'aka: hilo ni neno la Kiairishi, amelikuta kwa mama yake. Tukabishana hadi chai ikapoa, dirisha liko wazi, mvua inaingia, na mimi ndiye niliyeshika ubao.

Kwa historia, Mnorwe alishinda. Waviking, mabaharia wa kale kutoka kwao kaskazini, walipiga kambi Dublin mwaka 841, wakaacha maneno yao: margadh, soko, stiúir, usukani, na hiyo fuinneog. Hata Wagaeli wa Uskoti wana uinneag. Wawelisi, ndugu zao, wao walichukua ffenestr kwa Warumi.

Lakini tazameni waliobaki kule kaskazini. Waswidi husema fönster, asili yake Kilatini. Waaisilandi, wanaosifiwa kwa kutunza lugha ya mababu, husema gluggi. Bibi wa Connemara analo, Mswidi hana! Sasa nimwite nani mwazimaji?

Basi nabadili: ni la anayelitumia. Sisemi hivyo kumdhulumu Mnorwe, maana kwao bado lipo. Na kwa dirisha nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu Waajemi wa leo dirisha la kawaida huliita panjere.