Maswali ya Wasomaji: Nauli, Mashine na Haki katika Mashindano ya Programu za Chesi

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zetu. Mimi na wenzangu ni wanafunzi wa kompyuta hapa Dodoma, na tumeandika programu yetu ya kucheza chesi. Tulipotafuta pa kuishindanisha, tuliambiwa kwamba Mashindano ya Dunia ya Chesi ya Kompyuta, kwa miaka yote yaliyofanyika, yalimtaka mshiriki afike ukumbini. Ikiwa programu yenyewe inaweza kutumwa kwa barua pepe, sharti hilo lilikuwa na kazi gani zaidi ya kuwaengua wasio na nauli? Je, bado kuna mlango kwa watu kama sisi?
Msomaji wa Ng'ong'ona, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, sharti hilo halikuwekwa kwa nia ya kuwafungia mlango maskini, ingawa mwishowe ndivyo lilivyofanya kazi. Mashindano ya kwanza yalifanyika Stockholm mwaka 1974, yakiwa na programu 13, na bingwa alikuwa Kaissa kutoka Urusi ya Kisovyeti, ambaye kompyuta yake ilibaki Moscow huku hatua zake zikipokelewa kwa simu. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza waliotakiwa kusafiri walikuwa watu, si mashine. Programu za wakati ule hazikuwa na njia ya kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, hivyo ilibidi pawepo mtu wa kusogeza kete ubaoni, kubonyeza saa, kisha kuichapia kompyuta yake hatua ya mpinzani. Isitoshe, chama kilichosimamia mashindano hayo, kilichoundwa mwaka 1977 na ambacho tangu 2002 kinaitwa ICGA, kilikuwa chama cha watafiti. Kwao safari ilikuwa pia mkutano wa kitaaluma, na wengi wao walikuwa na chuo au kampuni ya kuwalipia.

Sababu ile ya kwanza ilipitwa na wakati zamani. Mwaka 2000 Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen walitoa utaratibu wa mawasiliano uitwao UCI, ambao unaiwezesha programu moja kukaa kama mwamuzi na kuzichezesha nyingine mbili usiku kucha bila mkono wa mtu. Tena mkono wa mtu, uliotakiwa uwe mlinzi wa haki, uliwahi kuiharibu. Huko Graz, Austria, katika mashindano hayo ya mwaka 2003, Shredder, programu ya huyo huyo Meyer-Kahlen, ilikuwa ikielekea kuishinda programu iitwayo Jonny, lakini kwa hitilafu ikaruhusu hali ile ile ya ubao irudie mara tatu, jambo ambalo kwa kanuni linampa mchezaji haki ya kudai sare. Jonny ilionyesha taarifa hiyo kwenye kioo. Mwendeshaji wake aliiona, akafikiri si uungwana kujipatia nusu pointi kwa kosa la kiufundi la mwenzake, akaendelea kucheza hadi akafungwa. Huenda ungemsifu, lakini nusu pointi ile haikuwa mali yake peke yake: iliiwezesha Shredder kufungana pointi na programu nyingine, Fritz, kileleni, zikarudiana, na Shredder ikatwaa ubingwa. Fritz iliumizwa na mchezo ambao haikuucheza, kwa uamuzi wa mtu ambaye, kwa maoni yangu, hakupaswa kuwa na uamuzi wowote pale mezani.

Sasa tuje kwenye mfuko. ICGA ilitoza ada kwa madaraja, asiyefanya biashara akilipa kidogo kuliko mwenye programu ya kuuza, na hilo lilikuwa jambo jema. Ila ada ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko gharama zote. Chukueni mfano wa Santiago de Compostela, Hispania, yalikofanyika mashindano ya 2024. Mtu wa Dodoma angeanza kwa kupanda treni kwenda Dar es Salaam kuomba viza na kutoa alama za vidole, alipe yuro 90 ambazo hazirudishwi hata akinyimwa, akate bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, na aonyeshe taarifa ya benki inayothibitisha kwamba ataweza kujikimu, kitu ambacho mwanafunzi anayesubiri fedha za mkopo hana. Tiketi ya ndege na malazi bado havijahesabiwa, wala vipindi atakavyovikosa. Kwa upande mwingine, mashindano hayo yalifanyika Leiden, Uholanzi, miaka mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017, na mkazi wa mji ule angeweza kwenda ukumbini kwa baiskeli na usiku akalala kwake. Katika nusu karne hayakufanyika Afrika hata mara moja. Ada ya wote wawili ni ile ile, na ukitazama karatasi ya kanuni pekee utaapa kwamba wametendewa sawa.

Mashindano ya 2024 yalitangazwa kuwa ya mwisho. Sitasema kwamba gharama peke yake ndiyo iliyoyaua, lakini ilichangia kuyapunguzia uzito. Stockfish, programu iliyo miongoni mwa kali kuliko zote, ambayo ni kazi ya pamoja ya watu wengi wa kujitolea walioko sehemu mbalimbali za dunia, haikuwahi kulitwaa taji hilo, na ubingwa wa dunia usiopita kwenye mikono ya programu kama hiyo ni vigumu kuutetea.

Mlango mliouulizia upo, na hauhitaji pasipoti. Mashindano ya programu za chesi yaitwayo TCEC, yaliyoanzishwa na Martin Thoresen mwaka 2010, huchezwa kwenye mashine za waandaaji wenyewe, na kila ufunguzi (yaani hatua za mwanzo zilizopangwa) huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi, ili asiwepo wa kulalamika kwamba alipewa upande mbovu. Kasoro yake ni kwamba waandaaji ndio wanaochagua nani aingie, kwa hiyo msianzie huko. Hakikisheni kwanza programu yenu inafuata UCI bila kukwama, ipambanisheni na nyingine kwa maelfu ya michezo mkitumia programu ya bure ya Cutechess, kisha ifungulieni akaunti ya roboti kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ambako hamtalipa kitu isipokuwa bando na umeme. (Umeme ukikatika katikati ya mchezo, saa yenu haitasimama kuwasubiri.) Mkiona imetulia, wapo wapimaji wa kujitolea wa CCRL, wanaopanga programu za chesi kwa nguvu zake, ambao orodha yao ina programu kali na dhaifu vilevile.

SWALI: Wakicheza wote kwenye mashine moja, je, haki haijakamilika? Au mwenye kompyuta kubwa ndiye atakayeshinda daima?
Msomaji wa Singida

JIBU: Si daima. Mwaka 1995 huko Hong Kong, Fritz iliyokuwa kwenye kompyuta ya kawaida ya Pentium iliifunga mashine ya majaribio ya mradi wa Deep Blue wa IBM na kuondoka na ubingwa. Hata hivyo nguvu ya mashine ina uzito wake, ndiyo maana mwaka 2009 huko Pamplona kila mshiriki aliwekewa kikomo cha kori nane (viini vya prosesa), na kuanzia 2010 yakaongezwa mashindano ya pembeni ambayo wote walitumia kompyuta zinazofanana.

Ugumu uliopo sasa ni kwamba programu zenyewe hazili chakula kimoja. Stockfish hutegemea prosesa ya kawaida, ilhali programu nyingine, Leela, iliyotokea mwaka 2018, hutegemea kadi za michoro, hivyo usawa wa mashine umekuwa suala la kukubaliana, wala haupimiki kwa rula. Desemba 2017 Google DeepMind walitangaza kwamba programu yao ya AlphaZero imeifunga Stockfish michezo 28 na kutoa sare 72 bila kupoteza hata mmoja. Wakosoaji wakauliza kwa nini Stockfish ilibanwa kwenye dakika moja kwa kila hatua na kumbukumbu ya gigabaiti moja, dhidi ya mpinzani mwenye prosesa maalumu za Google. Naona walikuwa na haki ya kuuliza, ijapokuwa sidhani kwamba jibu lingegeuza mshindi.

SWALI: Je, ninaweza kuchukua sehemu ya programu ya mwingine, nikaiboresha na kuingia nayo mashindanoni?
Msomaji wa Mpwapwa

JIBU: Soma leseni kwanza. Stockfish imetolewa kwa leseni ya GPL, inayokuruhusu kuibadilisha, ila ukiisambaza kazi yako itakubidi utoe na msimbo wake wazi kwa masharti yale yale. Mashindanoni ni habari nyingine, kwa sababu hata kilichoruhusiwa na leseni kinaweza kukataliwa na waandaaji wanaotaka kazi ya asili. Mwaka 2011 ICGA iliivua programu ya Rybka mataji ya 2007 hadi 2010, ikisema kwamba ilinakili kutoka programu nyingine mbili, Crafty na Fruit, na ubishi juu ya uamuzi huo ulifika hadi FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ambako mwaka 2015 ICGA nayo ilikosolewa kwa adhabu ya kumfungia maisha mtunzi wa Rybka. Ukikopa, andika mapema umekopa nini na kwa nani, na waulize waandaaji kabla hujalipa ada.