Mkuu usilipe hiyo advansi, geuza kwanza hilo bamba

Weka simu chini mkuu, usitume hizo euro 300. Nimesoma post yako mara mbili, eti umepata bamba la chuma la kuweka ukutani nyuma ya moto wa magogo wa ndani ya nyumba, lina ngao ya mfalme wa Ufaransa, maua matatu ya yungiyungi na taji juu, limeandikwa 1583, jamaa anataka euro 1,100, na wewe unachouliza ni ulipake nini liwe jeusi, ulifunge vipi ukutani na kama ule ufa pembeni una shida. Picha sita umeweka, ya mgongo hakuna hata moja!! Aisee nimeshindwa kulala.

Mimi niko Lorraine huku, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kazi yangu kukarabati majumba ya zamani, na nilipigwa euro 1,400. Cash. Kwenye mnada wa mitumba, saa kumi na mbili asubuhi, baridi kali, bamba limeegemezwa kwenye ubavu wa gari la muuzaji. Mzee ana mvi, kofia safi, sauti ya mwalimu wa historia. Nikamwambia mbona picha imekaa kali hivi, maua yana ncha kabisa wakati moto wa miaka mia nne ungeshayala? Akacheka, akaniambia kijana, hujui Mapinduzi ya Ufaransa? Mwaka 1793 serikali iliamuru mabamba yote yenye alama za kifalme na za kimwinyi yageuzwe, ngao iangalie ukuta, hili limelala hivyo miaka yote ndiyo maana liko freshi. Na kinachoniuma ni kwamba hiyo historia ni ya kweli kabisa. Amri ilikuwepo, watu waligeuza, wengine wakachukua patasi wakayachonga maua mpaka yakafutika. Yaani huyu mzee alinipiga kwa ukweli.

Sasa tumia akili ambayo mimi siku hiyo niliiacha kitandani. Kama ngao iliangalia ukuta, moto ulikuwa unaunguza nini? Mgongo! Kwa hiyo mgongo ulitakiwa uwe umeungua, umeliwa hasa chini pale magogo yanapokaa. Nikamwambia basi tugeuze nione, akasema lina kilo mia na ushee, litakuvunja mguu, na nyuma hakuna kitu, ni chuma tu. Nikakubali. Mimi fundi, nina mtaimbo kwenye gari, nikakubali.

Nyumbani tukaligeuza watu wawili. Mgongo laini kama kikaango cha dukani, na kwenye kona moja kuna michirizi ya grenda, inang'aa. Rafiki yangu hakusema kitu, akaenda kuchemsha chai.

Elewa yalivyokuwa yanatengenezwa: fundi anakandamiza mfano wa mbao kwenye kitanda cha mchanga, juu wazi, halafu anamimina chuma kilichoyeyuka. Upande wa mchanga ndio unabeba picha, upande wa juu unapoa ukiwa hewani, kwa hiyo unatoka na mabonde na vipele, kama uji ulioachwa kwenye bakuli ukaganda ngozi. Mgongo ukiwa laini ujue limetoka kwenye kalibu ya kufunga pande zote mbili, hiyo ni kopi. Na kopi ikipigwa juu ya bamba la kweli inatoka ndogo, maana chuma cha kusubu kikipoa kinanywea kama asilimia 1, bamba la sentimita 80 linapungua karibu milimita 8.

Halafu zoom picha yako ya tatu. Nyuma ya maua kuna vimistari vya kulala, unaviona? Hivyo ni rangi ya buluu. Kwenye ngao zisizo na rangi mistari ya kulala ni buluu, ya kusimama nyekundu, vidoti ni dhahabu. Mpangilio huo uliokuja kuzoeleka ulienezwa na padri Mjesuiti, Silvestro Petra Sancta, kwenye kitabu cha 1638. Bamba lako la 1583 limejuaje mambo ya 1638, lilikuwa na bando?

Na wale wa kwenye video wanaokwambia "kutu ndio cheti" wasikudanganye, maji ya chumvi na wiki mbili nje yanatoa kutu ya kila karne unayoitaka. Nilimwamini mmoja wao, ana wafuasi wengi, leo anauza mabamba. Sishangai.

Ufa sijui, mabamba mengi ya kweli yana ufa kwa sababu ya joto, usiwe na presha nao. Kuhusu kufunga usilibane na saruji pande zote, likipata moto linatanuka. Hilo la rangi nitarudi baadaye nikikumbuka.

Wewe mwambie jamaa unataka picha ya mgongo, mchana, nje, bila flashi. Akianza habari za kilo mia mwambie unakuja na mtaimbo na mtu wa pili. Akisema kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache amuuzie huyo.

Picha ya mbele usinitumie tena, naijua. Maua matatu, 1583, petali ya kushoto imevunjika ncha kidogo. Langu nalo limevunjika ncha hapohapo, liko bustanini, paka wa jirani ndio analala juu yake jua likitoka.